Mstari Mweusi Pembeni mwa Kizibo

Aghalabu mtu aliyewahi kuzibwa jino hunirejea baada ya miaka mitano au kumi, mkononi ana kioo kidogo cha mkobani, na kabla hajaketi sawasawa kitini amekwisha kutoa hukumu mwenyewe: "Daktari, jino hili limeoza tena, tazama weusi ule." Ameuona asubuhi alipokuwa akipiga mswaki karibu na dirisha, mstari mwembamba mfano wa uzi wa wino, umekizunguka kizibo cha rangi ya fedha kilicho juu ya gego lake, na tangu saa ile hana raha, chakula anakitafuna upande mmoja, na jirani amekwisha kumshauri akaling'oe. Siku hiyo hiyo huenda akaja mwingine, meno yake yametakata, hana doa wala maumivu, amemsindikiza mkewe tu. Nami nikimwomba akae dakika chache nimtazame, nakuta pembezoni mwa kizibo chake kizuri, pale gego linapokutana na jirani yake karibu na ufizi, shimo linaloweza kumeza kichwa cha njiti ya kiberiti. Wa kwanza ana hofu pasipo maradhi, na wa pili ana maradhi pasipo hofu. Nimeandika kwa ajili ya wote wawili, kwa kuwa katika miaka yangu ya kazi hii nimeona meno mengi yakipotea kwa haraka ya yule, na mengine kwa utulivu wa huyu.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu chenyewe. Kizibo hakiponyi jino. Huziba tu tundu lililokwisha kuchimbwa. Wazee wetu walisema jino huliwa na mdudu, na hata leo mama humwambia mwanawe kwamba meno yake yameliwa na wadudu. Walakini Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha utabibu wa meno kilichochapishwa mwaka 1728, aliikana habari ya funza hao, na mwaka 1890 Willoughby Dayton Miller, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Berlin, akaeleza jinsi vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyogeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi hiyo ikayayeyusha madini ya jino. Hayo ndiyo yanayotendeka pembeni mwa kizibo: ukoga ule ule, sukari ile ile, asidi ile ile, illa hapa pamepatikana mshono baina ya jino na kitu kigeni, na ukoga hupenda mshono. Basi anayedhani kwamba jino likishazibwa limekingwa milele amejighuri, na anayedhani kwamba uozo huzuka chini ya kizibo pasipo njia ya kuingilia, kama moto ndani ya majivu, naye ameteleza. Ukitoa ule uliosazwa na mzibaji wa kwanza, karibu siku zote mlango uko nje, kandokando ya kizibo, mahali ambapo jicho, uzi au picha huweza kufika.

Sasa nirudi kwenye ule weusi, kwa maana ndio unaoleta watu wengi mlangoni pangu. Nina taksiri moja ambayo siifichi. Katika miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, alikuja mvuvi mmoja mtu mzima, kifua kipana, ana kizibo cha fedha katika gego la chini, nacho kimezungukwa na weusi pande zote. Nilimwambia kwa yakini ya ujana kwamba jino limeoza. Nikampiga sindano ya ganzi, nikakitoboa kizibo kile kipande kwa kipande mpaka kikatoka chote, na nilipoufikia mwili wa jino chini yake niliukuta mgumu, mkavu, una rangi ya manjano hafifu mfano wa pembe ya ndovu, chuma kikiupitia hulia kwarakwara kama kinachokwaruza sahani. Hapakuwa na uozo hata kidogo. Lakini kutoa kizibo ni lazima kule na jino, na kuta za gego lile nilikuwa nimekwisha kuzikonda. Haukupita muda mrefu ukuta mmoja ukapasuka hadi chini ya ufizi alipokuwa akitafuna bisi, na jino likang'olewa. Aliponitazama hakunilaumu. Alisema tu, "Lakini, daktari, lilikuwa haliniumi."

Weusi ule ulikuwa nini? Kizibo cha fedha, yaani amalgamu, kwa uzani karibu nusu yake ni zebaki, na nusu ya pili ni mchanganyiko wa fedha, bati na shaba. Madini hayo hushika kutu polepole kinywani, na kutu hiyo hupenya katika mwili wa jino ikaupaka kijivu au weusi unaoonekana hata kupitia enameli, lile gamba gumu la nje. Ajabu ya kutu hii ni kwamba haina ubaya mtupu: hujaza ule mwanya mwembamba baina ya kizibo na jino, ikawa kana kwamba kizibo kinajikazia chenyewe kadiri kinavyozeeka. Fauka ya hayo, kingo za kizibo cha fedha hupukutika kwa kutafunia, zikaacha mfereji mdogo ukingoni, na mfereji huo hushika rangi ya chai, kahawa na tambuu. Miaka ya 1990 Edwina Kidd na wenzake wa London walipima jambo hili kwa insafu, wakachukua vizibo vyenye mifereji na weusi, wakavitoa, wakahesabu vijidudu vilivyomo chini. Wakaona kwamba rangi ya ukingo haikuwa shahidi wa kutegemewa, na mfereji mwembamba pia haukuwa shahidi, ila ule uliozidi upana wa milimita 0.4, yaani kama unene wa karatasi nne za kuandikia zilizobanwa pamoja, ndio uliokuwa na vijidudu vingi chini yake. Laiti ningaliyasoma hayo kabla ya kumpata yule mvuvi.

Vizibo vyeupe, vile vya kompositi vinavyowekwa kama uji mzito kisha vikagandishwa kwa mwanga wa buluu, vina sheria yao. Hivi havina kutu, kwa hiyo kivuli cha kijivu kinachoonekana chini ya enameli kando yake kina uzito zaidi kuliko kivuli cha namna hiyo kando ya fedha. Lakini mstari wa kahawia juu ya mshono wenyewe, mwembamba, usio na kina, aghalabu ni rangi tu iliyoingia katika mshono, na mara nyingi huondoka kwa kusuguliwa na kung'arishwa. Na ndugu zetu wa pande za Arusha na Moshi wana shida yao ya pekee, kwani katika vijiji vingi vilivyo chini ya Meru na Kilimanjaro maji yana floridi inayopita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia tangu mwanzo. Mtu kama huyo akitibiwa na daktari asiyejua alikozaliwa, huweza kuzibwa meno manne yasiyo na ugonjwa wowote. Na amwambie, kabla ya kufungua kinywa, ametoka wapi.

Rangi basi naiweka katika cheo cha mnong'ono: inatosha kutufanya tutazame, haitoshi kutufanya tutoboe. Dalili zenye uzito ni nyingine. Ya kwanza ni ulaini, kwa maana jino lililooza kweli na ambalo uozo wake ungali unaendelea huwa laini na lenye unyevu kama jibini au ngozi iliyorowa, ilhali uozo uliosimama huwa mgumu na wenye kung'aa hata ukiwa mweusi kama mkaa. Ya pili ni shimo lililo wazi. Ya tatu ni weupe wa chokaa, usio na mng'ao, kandokando ya kizibo karibu na ufizi. Huu watu hawaujali kwa sababu weupe hudhaniwa kuwa usafi, kumbe ndio mwanzo wa uozo, pale madini yanapoanza kutoka kabla tundu halijafunguka. Ya nne ni mabadiliko: kilichokuwa hivi mwaka jana kimekuwa vile mwaka huu. Hiyo ya nne mgonjwa anaweza kuishika kuliko daktari, nami nitaieleza mbele.

Mahali pa kutafuta pana umuhimu sawa na namna ya kutafuta. Mtu hutazama juu ya gego kwa kuwa ndipo macho yake yanapofika, lakini Ivar Mjör, mtaalamu wa Norwei aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kwa nini vizibo hubadilishwa, alionyesha kwamba uozo wa kurudi hukaa zaidi katika ukingo wa chini wa vile vizibo vilivyojengwa baina ya meno mawili, karibu na ufizi. Sababu zake ni za kawaida tu. Hapo mswaki haufiki. Hapo mate na damu humsumbua daktari wakati wa kuziba, asipate ukavu anaoutaka. Na hapo kompositi, ambayo husinyaa kidogo inapoganda, hujivuta na kuacha mwanya. Katika utafiti uliofanywa Lisbon juu ya meno ya watoto, uliochapishwa mwaka 2007, hatari ya uozo wa kurudi ilikuwa mara 3.5 zaidi kwa vizibo vya kompositi kuliko vya amalgamu. Sisemi hayo ili watu warudie fedha, kwa kuwa zebaki ina madhara yake kwa mazingira, na tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nchi nyingi zinaipunguza. Nasema ili mwenye kizibo cheupe baina ya magego ajue kwamba uzuri wake unadai ulinzi zaidi.

Na ulinzi huo huanzia nyumbani. Chombo bora ambacho mtu asiye tabibu anaweza kukishika ni uzi wa meno, ule unaouzwa katika maduka ya dawa, wala si uzi wa cherehani unaokata fizi, wala ncha ya pini. Kata kipande cha shibiri mbili, kizungushe katika vidole vya kati vya mikono miwili, acha baina yao urefu wa kidole gumba, kisha uupitishe polepole kwa kuuvuta huku na huku, usiusukume kwa nguvu ukaupiga ufizi. Ukishapita kaza upande mmoja, uzi ulikumbatie jino, ushuke mpaka chini kidogo ya ukingo wa ufizi, upande na kushuka mara mbili tatu. Halafu ulikumbatie jino la jirani vivyo hivyo. Hapa ndipo vidole vinaposikia kile ambacho macho hayawezi kukiona. Jino zima huteleza kama kioo. Uzi ukikwama, ukatoka umechanika vinyuzinyuzi, na kesho yake ukachanika mahali pale pale, na keshokutwa tena, hiyo ni habari. Huenda ni ukingo wa kizibo uliozidi ukatokeza nje, huenda ni mwanya, huenda ni shimo. Vyovyote iwavyo, hakuna katika hivyo kimoja ambacho daktari hapaswi kukijua. Uunuse uzi huo pia, ijapokuwa si adabu mbele za watu: ukitoa harufu mbaya kutoka mahali pamoja tu, ilhali kwingine haunuki, pana kitu kimelala pale.

Dalili ya pili ya nyumbani ni kunasa. Kila mtu hunaswa na nyuzi za embe au za nyama siku moja moja, lakini ambaye tangu miezi michache iliyopita amekuwa hawezi kula embe bila kutafuta kijiti cha kuchokolea, na kila mara ni pale pale, wakati zamani hapakuwa hivyo, huyo mpaka wake baina ya meno mawili umefunguka. Ya tatu ni utamu: kipande cha halua au kashata kikigusa upande ule jino hushtuka kwa ghafula, kisha likatulia. Maji ya baridi nayo huweza kufanya hivyo. Lakini mtu asichanganye mambo, kwani jino lililozibwa juzi huweza kushtuka kwa siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, likatulia lenyewe. Jino linaloumwa wakati wa kung'ata tu, hasa pale unapoachia, huenda limepasuka ufa. Na jino linalopiga ngoma usiku na kumwamsha mtu limevuka daraja hili, maradhi yamefika kwenye kiini, na mtu huyo asisubiri miadi bali aende kesho asubuhi.

Neno moja nalitilia mkazo, kwa kuwa limewagharimu watu wengi. Jino lililokwisha kutibiwa mzizi, yaani lililotolewa mshipa wake wa fahamu, haliwezi kukuarifu kwa maumivu ya utamu wala ya baridi. Litaoza chini ya kofia yake, yaani ule mfuniko wa jino zima, mpaka livunjike, nawe unakula nalo ubwabwa kwa furaha. Mwenye jino la namna hiyo asingoje dalili hata moja. Alipeleke likatazamwe kwa kalenda.

Ukifika kwa daktari, tazama anavyoanza. Akichungulia kwa nukta tatu katika kinywa chenye mate na ukoga, kisha akasema ama limeoza ama halikuoza, hajachunguza, amebahatisha. Sharti kwanza asafishe ukoga, kwa sababu uozo wa mwanzo hukaa chini yake. Pili akaushe jino kwa pamba na kwa upepo wa bomba lake kwa muda wa nukta tano hivi, na sababu yake ni rahisi mtu akifikiri leso nyeupe: ikilowa maji huonyesha kilicho chini yake, ikikauka hugeuka nyeupe tena. Enameli iliyopoteza madini imejaa vitundu vidogo. Mate yakiwa ndani yake hufanana na enameli nzima, na upepo ukiyaondoa, weupe wa chokaa hujitokeza. Daktari asiyekausha haoni weupe huo hata angekuwa na macho ya mwewe. Tatu mwanga wake uwe mzuri na kioo chake kisiwe na mikwaruzo. Ningeliweza ningeliandika ukurasa mzima juu ya vioo vilivyochakaa nilivyopewa kazini.

Kuna kile chuma chembamba chenye ncha kali iliyopinda, ambacho kwa zaidi ya miaka mia madaktari walikichomeka kila mahali, na kikinasa wakasema hapa pameoza. Nilifundishwa hivyo na waliotutangulia walifundishwa hivyo. Lakini kando ya kizibo ncha kali hunasa katika mfereji wowote, wenye maradhi na usio nayo, kama vile ukucha unavyonasa katika ufa wa meza; na ikikutana na enameli iliyodhoofika huweza kuipasua, tundu likafunguliwa na yule aliyekuja kulitafuta. Siku hizi afadhali hutumika chuma chenye kitufe kidogo cha mviringo mwishoni, cha nusu milimita, kinachopitishwa juu ya jino kwa wepesi ili kusikia ukwaruzo, si kuchoma. Ukiona daktari anakandamiza chuma chenye ncha mpaka kidole chake kinakuwa cheupe, una haki ya kumwomba kwa upole apunguze.

Picha ya eksirei ndiyo inayofika pale ambapo jicho limekatazwa. Wilhelm Röntgen alivumbua mionzi hiyo mwishoni mwa mwaka 1895, na kabla miezi mitatu haijatimia, Januari 1896, Otto Walkhoff wa Braunschweig katika Ujerumani alikwisha kujipiga picha ya meno yake mwenyewe, akilala kimya dakika 25 chini ya mionzi. Leo picha kama hiyo ni ya sehemu ya nukta moja tu. Iliyo na faida zaidi kwa habari yetu ni ile aliyoibuni Mmarekani Howard Riley Raper mwaka 1925, ambamo kipande cha filamu kina ulimi unaoumwa kwa meno, hivyo picha ikaonyesha taji za magego ya juu na ya chini kwa pamoja, na nafasi zilizo baina yao. Mgonjwa anaweza kuitambua: aliambiwa ang'ate. Ile nyingine, inayopigwa kuonyesha mzizi mzima, mionzi yake aghalabu hupita kwa mwelekeo mwingine, na ukingo wa chini wa kizibo hauonekani humo vizuri. Mtu akitaka kujua kama kizibo chake cha kati kimeharibika chini, aulize kwa jina la kazi: "Tafadhali, unipige ile ya kung'ata."

Nikiishika picha hiyo mbele ya taa namwonyesha mgonjwa: kizibo cha fedha ni cheupe pe, jino ni kijivu, na uozo ni kivuli cheusi kinachoanza pale pembe ya chini ya kizibo inapoligusa jino. Lakini picha nayo hudanganya, na mtu ajue inavyodanganya. Madini ya jino sharti yapungue kama asilimia 30 hadi 40 ndipo kivuli kionekane, kwa hiyo uozo mchanga haumo. Uozo ulio upande wa shavu au wa ulimi hufichwa nyuma ya weupe wa chuma, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango wa bati. Gundi inayotangulizwa kabla ya kompositi, ikituama chini ya kizibo, huonekana kama mstari mweusi, na baadhi ya vizibo vyeupe vya zamani havionekani kabisa, picha ikasema jino lina pango. Hata macho yetu yana ghururi yao, kwani ukitazama kitu cheupe sana kando ya kitu cha kijivu, ubongo hujichorea mstari mweusi mpakani ambao haumo. Mimi hufunika kizibo chote katika picha kwa kipande cha karatasi nyeusi. Kivuli kikitoweka, kilikuwa cha macho yangu, na kikibaki, ni cha jino.

Wanaohofia mionzi nawaambia kwamba picha moja ya namna hii ina mionzi kidogo mno, haizidi ile ambayo mwili huipata katika siku chache kutoka ardhini na angani. Walakini kidogo si bure, na hakuna sababu ya kumpiga picha kila miezi sita mtu ambaye meno yake yametulia. Mwenye vizibo vichache na asiyeoza huweza kukaa miaka miwili. Anayeoza kila mara, au ambaye mate yake yamekauka kwa dawa au kwa ugonjwa, atahitaji mapema zaidi. Mja mzito amwambie daktari kabla.

Siku hizi mijini utakutana na vyombo vya mwanga. Kuna kalamu ya leza nyekundu inayogusishwa kwenye jino nayo ikatoa namba, kwa kuwa taka za vijidudu hung'aa zikipigwa mwanga ule. Kuna kamera za mwanga usioonekana kwa macho, zinazopita ndani ya enameli. Kuna taa nyembamba tu ya kuangaza nyuma ya jino. Zina manufaa, lakini kandokando ya kizibo huchanganyikiwa, maana doa la chai nalo hutoa namba, na baadhi ya kompositi hung'aa zenyewe. Naichukulia kalamu hiyo kama shahidi wa pili, ambaye ushahidi wake husikizwa ukiafikiana na wa kwanza. Anayekubali kutobolewa kwa sababu ya namba tupu iliyoandikwa katika kioo cha chombo amenunua namba.

Na pasipo na umeme wala eksirei? Watu wasidhani wamenyimwa kila kitu. Katikati ya miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kutibu meno kwa zana za mkono tu, kuukwangua uozo laini kwa kijiko kidogo na kuziba kwa saruji, pasipo mashine. Njia hiyo ilipata kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na saruji itumikayo sasa hutoa floridi polepole. Mganga wa zahanati mwenye kioo, pamba, taa ya kichwani na chuma chenye kitufe, akisafisha na kukausha kama nilivyosema, atauona uozo mwingi ulio juu na pembeni. Utakaomponyoka ni ule wa baina ya meno, na huo ndio wa kusafiria hadi mjini, hasa ikiwa uzi umekwisha kunong'ona.

Uozo ukithibiti, bado haijawa lazima kizibo chote kitolewe. Kila kizibo kipya ni kikubwa kuliko cha kwanza, na jino lililobadilishwa kizibo mara nne huishia kofia, kisha kutibiwa mzizi, kisha koleo. Weupe wa chokaa usio na shimo hupewa dawa ya meno yenye floridi ya sehemu 1000 hadi 1500 kwa milioni, mara mbili kwa siku, mtu ateme bila kusukutua, na sukari ya chai ipunguzwe, hasa ile ya baina ya milo. Ukingo uliokwaruza husawazishwa. Shimo dogo kando ya kizibo kilicho imara huzibwa peke yake, kama fundi anavyotia kiraka, jambo ambalo baadhi ya wenzangu huliona aibu, nami naliona kazi safi. Daktari akikuambia atoe chote, muulize kwa heshima: "Umeona nini, laini au rangi? Yafaa kurekebisha hapo tu?" Asiye na jibu hukasirika, mwenye jibu hukuonyesha.

Juma lililopita alikuja bibi mmoja wa miaka sabini na ushei, mkwe wa rafiki yangu, ana vizibo vitano tangu ujana wake, na mkobani mwake mna bahasha ya kaki. Humo mlikuwa na picha zake za kung'ata za miaka tisa, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu nyuma yake. "Shikamoo, bibi," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu, daktari wa kabla yako alisema nisizitupe, kwa kuwa nikienda kwingine watu hawatanijua." Nilizipanga mbili juu ya kioo cha taa, ya mwaka huu kando ya ile ya miaka mitatu iliyopita. Chini ya kizibo cha pili, upande wa kushoto, palikuwa na kivuli kidogo, mfano wa nukta ya kalamu. Kilikuwapo pia katika ile ya zamani, ukubwa ule ule, mahali pale pale. Nilipima kwa rula mara mbili. Kisha nikazirudisha katika bahasha, nikaandika tarehe juu ya ile mpya, nikampa.

"Hutoboi?" akaniuliza.

"Sitoboi, bibi. Rudi mwakani, na bahasha uje nayo."